Nafasi kati ya reli na majengo

Nafasi kati ya reli na majengo ni umbali unaoachwa kati ya njia ya reli na kitu chochote kilichosimama kando yake, kama vile stesheni, ghala, nguzo, ukuta au nyumba ya kuishi, ili treni ipite bila kugusa kitu. Umbali wa namna hiyo huachwa pia kati ya njia moja na nyingine pale njia mbili zinapokwenda sambamba. Kanuni zake ni zilezile katika reli halisi na katika reli ya modeli, yaani reli ndogo inayojengwa juu ya meza kwa kufuata vipimo vya reli halisi, ingawa matokeo yake hayafanani kila mara.

Mifano mingi ya makala hii inatoka kwenye reli ya Tanga, hasa sehemu ya Korogwe. Kwa wakazi wa Handeni na kata zake kama Kwaluguru, Korogwe ndipo stesheni kubwa ya reli iliyo jirani. Barabara ya lami kutoka Handeni hadi Korogwe ina urefu wa kilomita 65 hivi.

Kinachopimwa

Mtu anayetazama njia ya reli wakati hakuna treni huona vyuma viwili tu juu ya mataruma, na ni rahisi kudhani kwamba njia inaishia hapo. Sivyo. Reli ya Tanga ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma, lakini behewa linalopita juu yake ni pana zaidi. Tuchukue behewa lenye upana wa mita 2.8. Hilo linazidi chuma cha reli kwa sentimita 90 kila upande. Mtoto aliyesimama hatua moja kutoka kwenye chuma anaonekana yuko nje ya njia, kumbe yuko ndani yake.

Kwa sababu hiyo mafundi wa reli hawapimi kuanzia chuma cha pembeni. Wanapima kuanzia mstari wa katikati ya njia, na wanatumia mipaka miwili. Wa kwanza ni mpaka wa behewa: umbo la upana na kimo ambalo injini, behewa na shehena yoyote haviruhusiwi kulizidi. Wa pili ni mpaka wa majengo: umbo kubwa zaidi linalozunguka lile la kwanza, ambalo ndani yake hakuna ukuta, nguzo wala tawi la mti linaloruhusiwa kuingia. Pengo lililopo kati ya mipaka hii miwili ndilo usalama wenyewe. Linachukua mtikisiko wa behewa, kuchakaa kwa springi na magurudumu, njia iliyosogea kidogo baada ya mvua, na mkono wa abiria aliyeutoa dirishani.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba jengo lina upana wake wa juu pia. Ukuta unaweza kuwa mbali vya kutosha huku ukingo wa paa la bati ukiwa umejitokeza kuelekea relini. Kipimo kinachofaa ni kile kinachofika kwenye kitu kilicho karibu zaidi na treni, kiwe chini au juu.

Jukwaa la abiria ni kitu cha pekee, kwa kuwa lenyewe linatakiwa kuwa karibu. Likiwa mbali na behewa, abiria anaweza kutumbukia katikati. Kwa hiyo jukwaa huruhusiwa kusogea ndani kuliko ukuta wa kawaida, kwa sharti kwamba liwe fupi kwa kimo na lipite chini ya sehemu pana ya behewa. Majengo yaliyo juu ya jukwaa hurudishwa nyuma ili watu na mizigo wapate pa kupita.

Reli ya Tanga na Korogwe

Ujenzi wa reli ya Tanga, iliyojulikana pia kama reli ya Usambara, ulianza mwaka 1893 wakati wa utawala wa Wajerumani. Kampuni iliyoanza kazi hiyo ilishindwa kuimudu, na serikali ya koloni ikaichukua mwaka 1899. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga kipande kutoka Voi hadi Kahe, hivyo reli ya Tanga ikaungana na reli ya Mombasa. Arusha ilifikiwa mwaka 1929. Mwaka 1963 njia ya Ruvu hadi Mnyuzi, wilayani Korogwe, iliunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati.

Maungano hayo yana maana kubwa kwa suala la nafasi. Njia inayosimama peke yake inaweza kuwa na mpaka wake wa behewa, mdogo kadiri inavyotaka. Mara inapoungana na nyingine, behewa lililoundwa kwa ajili ya njia ya pili linaweza kuletwa, na kila ghala na kila daraja la njia ya kwanza hupaswa kupimwa upya kabla halijapita. Upana wa mita 1 kati ya vyuma ulikuwa uleule Mombasa, Dar es Salaam na Tanga, na jambo hilo lilirahisisha kuunganisha. Lakini upana wa vyuma haumwambii mtu chochote kuhusu upana wa behewa.

Baadaye huduma za reli hiyo zilififia, na kwa miaka mingi treni ya abiria haikupita kabisa. Treni ya mizigo ilirejeshwa hadi Kilimanjaro mwezi Julai 2019, na mwezi Desemba mwaka huohuo treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilifika tena Moshi. Njia isiyo na treni hufanana na njia ya miguu. Watu huizoea: hupita juu yake kwenda sokoni, huanika mahindi kando yake, huweka kibanda cha biashara, kisha kibanda kikawa nyumba. Aliyezaliwa katika miaka hiyo hakuwahi kuona behewa likipita, na kwake ule upana wa sentimita 90 nje ya chuma haukuwapo.

Hifadhi ya reli

Mpaka wa majengo uliotajwa juu ni suala la sentimita chache hadi mita chache. Hifadhi ya reli ni kitu kingine. Hiyo ni ardhi ya pande zote mbili za njia iliyotengwa kisheria kwa matumizi ya reli, nayo ni pana zaidi. Nchini Tanzania vipimo ambavyo wasimamizi wa reli wamekuwa wakivitaja kwa njia za zamani ni mita 15 kila upande katika maeneo ya mijini na mita 30 kila upande vijijini. Tangu Sheria ya Reli ya mwaka 2017, msimamizi wa ardhi hiyo ni Shirika la Reli Tanzania (TRC), lililorudisha pamoja kazi ya kuendesha treni na kazi ya kumiliki miundombinu, ambazo awali zilikuwa chini ya vyombo viwili.

Kuchanganya vitu hivi viwili ndiko kunakozaa ugomvi mwingi. Mwenye nyumba iliyo mita 9 kutoka relini huona treni ikipita bila hata kutikisa dirisha, naye huuliza kwa haki kabisa kwa nini ukuta wake umepakwa alama ya X nyekundu. Kwa upande wa mpaka wa majengo hana kosa. Behewa halitamgusa kamwe. Kwa upande wa hifadhi yumo ndani kwa mita 6 kama ni mjini, na kwa mita 21 kama ni kijijini.

Ardhi hiyo ya ziada ina kazi zake. Reli hukaa juu ya tuta, na tuta lina miteremko inayochukua mita kadhaa. Likichimbwa chini ili kupata uwanja wa nyumba, mvua inayofuata hulimomonyoa. Mifereji ya maji ya mvua hupita humo. Magenge ya matengenezo huweka humo mataruma na kokoto. Behewa likianguka, huangukia humo. Njia ya pili ikihitajika siku za usoni, hupitishwa humo.

Halafu kuna suala la kuona. Treni inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde, na treni ya mizigo iliyofunga breki huendelea kwa mamia ya mita kabla ya kusimama. Jengo lililo upande wa ndani wa kona karibu na kivuko cha reli humzuia dereva wa treni asione gari lililokwama, na humzuia dereva wa gari asione treni. Jengo hilo laweza kuwa mbali sana na behewa na bado likasababisha ajali.

Kona

Katika njia iliyonyooka, hesabu ya nafasi ni nyepesi: nusu ya upana wa behewa, kuongeza pengo la usalama. Kwenye kona mambo hubadilika, kwa sababu njia hupinda lakini behewa halipindi.

Behewa refu hukaa juu ya seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, na kila seti huzunguka kwenye pini yake. Seti hizo hufuata kona. Mwili wa behewa hubaki mnyoofu, kama mti ulionyooka uliolazwa juu ya ukingo wa beseni. Matokeo yake, sehemu ya katikati ya behewa husogea upande wa ndani wa kona, na ncha zake mbili hutokeza upande wa nje.

Kiasi cha kusogea ndani hupatikana hivi: umbali kati ya pini mbili huzidishwa kwa wenyewe, kisha hugawanywa kwa nusukipenyo cha kona kilichozidishwa mara 8. Kwa behewa lenye mita 12.8 kati ya pini, kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 175, jibu ni karibu sentimita 12. Kwa ncha, urefu wote wa behewa huzidishwa kwa wenyewe, hutolewa umbali wa pini uliozidishwa kwa wenyewe, kisha hugawanywa kwa kiasi kilekile. Behewa hilo likiwa na urefu wa mita 18, ncha zake hutokeza nje kwa karibu sentimita 11.

Sentimita 12 si nyingi. Lakini reli ya nje ya kona kwa kawaida huinuliwa kidogo ili treni isisukumwe nje, na hapo behewa zima hulala upande wa ndani. Reli ikiinuliwa kwa milimita 50, sehemu ya behewa iliyo mita 3.5 juu ya reli husogea ndani kwa zaidi ya sentimita 16. Zikijumlishwa, inakuwa karibu sentimita 28, na hatari kubwa zaidi iko juu, palepale penye ukingo wa paa. Ndiyo sababu wapangaji wa reli hupenda kuweka stesheni kwenye njia iliyonyooka kila inapowezekana.

Njia mbili zinazopinda pamoja hupoteza nafasi mara mbili. Behewa la njia ya nje husogeza katikati yake kuelekea njia ya ndani, na behewa la njia ya ndani husogeza ncha zake kuelekea njia ya nje. Vituo vya njia hizo vikiwa mita 4 kutoka kimoja hadi kingine, mabehewa mawili ya mita 2.8 huachiana mita 1.2 kwenye njia iliyonyooka. Kwenye kona ya mita 175 huachiana sentimita 97.

Katika reli ya modeli

Reli ya modeli ni burudani ya watu wazima na watoto, iliyoenea hasa Ulaya, Amerika Kaskazini na Japani. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha Leipzig treni ya kuchezea iliyokuwa na njia zenye vipimo maalumu. Mwaka huohuo ndipo kampuni iliyokuja kuanza reli ya Usambara iliundwa. Kipimo kinachotumiwa zaidi leo ni H0, ambacho kila milimita 1 inasimama badala ya milimita 87 za kitu halisi. Katika kipimo hicho njia ya mita 1 kama ya Tanga hutengenezwa kwa vyuma vilivyoachana milimita 12. Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 2001 na inayohesabiwa kuwa kubwa kuliko zote duniani, hutumia kipimo hiki cha H0.

Anayetaka kuunda stesheni kama ya Korogwe juu ya meza hukutana na shida ya nafasi mara moja. Njia ya kupishania yenye urefu wa mita 400 ingehitaji meza ya mita 4.6 kwa ajili yake peke yake. Kwa hiyo karibu wote hufupisha: njia ya kupishania inachukua mabehewa 5 badala ya 20, ghala linakuwa na milango 2 badala ya 6. Ufupishaji huo ni halali na mtazamaji hausumbui. Kosa linaanza pale mtu anapofupisha na upana. Urefu wa stesheni unaweza kukatwa nusu na treni ikapita. Upana ukikatwa, treni inagonga.

Shida ya pili ni kali zaidi. Kona yenye nusukipenyo cha milimita 450, ambayo ni ya kawaida mezani, ikirudishwa kwenye ukubwa halisi ni mita 39 tu. Hakuna behewa la mita 18 la reli ya Tanga lingeweza kupita hapo. Modeli hupita kwa sababu magurudumu yake yameachiwa uhuru mkubwa, lakini mwili wake hutokeza kuliko ule wa behewa halisi. Behewa lilelile la mfano wetu, likiwa na milimita 147 kati ya pini na urefu wa milimita 207, husogea karibu milimita 6 ndani na karibu milimita 6 nje. Katika ukubwa halisi hizo ni zaidi ya nusu mita, badala ya sentimita 12.

Kwa hiyo kuchukua vipimo vya stesheni halisi na kuvigawanya kwa 87 hakutoshi. Mita 4 kati ya njia mbili huwa milimita 46, na mabehewa yenye upana wa milimita 32 huachiana milimita 14 kwenye njia iliyonyooka, jambo ambalo ni zuri. Njia hizohizo zikiingia kwenye kona ya milimita 450, pengo linabaki milimita 2. Kwa reli iliyotengenezwa kwa mkono, hizo ni sawa na kugongana. Waundaji hutanua njia taratibu zinapokaribia kona, mara nyingi hadi milimita 60 au zaidi, kisha huzirudisha baada ya kona.

Vyama vya waundaji vimetunga viwango vya mambo haya. Ulaya kuna viwango vya NEM vinavyosimamiwa na shirikisho la MOROP. Marekani kuna vile vya chama cha NMRA, ambacho pia hutoa kipande bapa cha chuma kilichokatwa kwa umbo la mpaka wa majengo. Kipande hicho husimamishwa juu ya reli na kusukumwa. Kikigusa kitu, kitu hicho kisogezwe.

Asiye na kipande hicho anaweza kutumia boksi gumu. Hukatwa kwa ukubwa wa behewa refu kuliko yote litakalopita, hutobolewa matundu mahali pa pini, na kalamu za risasi huwekwa katikati upande wa ndani na kwenye ncha upande wa nje. Likivutwa kufuata njia, matundu yakiwa daima juu ya mstari wa katikati, kalamu huchora mezani mistari miwili ambayo jengo halitakiwi kuivuka. Njia hii haihitaji hesabu yoyote, na kwa kweli ni bora kuliko hesabu, kwa kuwa hushughulikia pia mahali ambapo njia inaanza kupinda, ambapo kanuni ya juu haifanyi kazi sawasawa.

Majengo yenyewe yasigundishwe mapema. Kwanza huwekwa vikasha vya dawa au viberiti vya ukubwa unaokaribiana, treni huendeshwa siku kadhaa, kisha ndipo jengo la kudumu huchukua nafasi yake. Na pengo moja halimo katika reli halisi hata kidogo: nafasi ya vidole. Behewa la modeli likitoka njiani kati ya ghala na ukuta, lazima mkono uingie kulitoa, na mkono wa mtu mzima unahitaji sentimita 2 au 3 kila upande. Asiyeiacha nafasi hiyo atakuja kulivunja ghala lake mwenyewe.

Reli za mashamba ya mkonge

Kwa mtu mwenye meza ndogo, Korogwe ina mfano mwingine unaofaa kuliko stesheni. Mashamba ya mkonge ya mkoa wa Tanga yalikuwa na reli zake nyembamba, mara nyingi za sentimita 60, za kusafirisha majani kutoka shambani hadi kwenye korona, mashine inayotenganisha nyuzi na jani. Troli zake zilikuwa fupi sana. Ukichukua troli yenye sentimita 80 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hata kwenye kona kali ya mita 15 husogea ndani kwa nusu sentimita tu. Ndiyo sababu njia za namna hiyo ziliweza kupinda karibu na ukuta na kufika moja kwa moja penye kazi, jambo ambalo behewa la mita 18 lisingeweza.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga njia nyepesi ya troli za kusukumwa na watu kutoka Mombo hadi Handeni, ambayo majeshi ya Waingereza yaliufikia mwezi Juni 1916. Njia ya aina hiyo haikuhitaji kufyekewa pori pana, kwa kuwa kilichopita kilikuwa troli na wasukumaji wake.

Mezani, kwa kipimo cha H0, reli ya sentimita 60 hutengenezwa kwa vyuma vilivyoachana milimita 6.5, na kona ya milimita 170 inatosha. Nyumba ya korona, kianikio cha nyuzi, ghala na nyumba chache za wafanyakazi huingia kwenye ubao wa mita 1, troli zikipita milimita chache tu kutoka ukutani kama zilivyofanya shambani.